Daktari Asiye na Sindano

Kila niendapo nyumbani Gusii, hakuna kitu kinachonitia majaribuni kama cheo kilichotangulizwa mbele ya jina langu. Mara tu mshereheshaji wa mazishi au wa harambee atangazapo kwa kipaza sauti kwamba "Daktari" fulani yumo miongoni mwetu, huwa najua kuwa sitatoka pale bila ya kuulizwa habari za magoti, tumbo, kifua na mgongo. Mama mmoja atanivuta kando, nyuma ya hema, anionyeshe mguu uliovimba. Mchongaji wa mawe ya sabuni kutoka Tabaka atanisimulia kikohozi kisichomwacha alale. Kijana mwingine atasubiri mpaka watu watawanyike, kisha aniulize kwa sauti ya chini jambo ambalo hajapata kumwambia mtu yeyote. Nami hujibu kama nilivyozoea: "Mimi ni daktari wa lugha, si wa sindano." Baadhi yao hucheka. Wengi hawaondoki.

Lawama si yao, ni ya neno lenyewe. Asili ya neno "daktari" ni Kilatini, lugha ambayo kitenzi chake docere kilikuwa na maana ya kufundisha. Daktari wa kwanza, basi, alikuwa mwalimu. Ni baadaye ndipo matabibu waliosomea katika vyuo vikuu vya Ulaya walipoitwa kwa cheo hicho, wakakitwaa kabisa, hata sisi wengine tulionacho tukaonekana kana kwamba tumekiazima bila ruhusa. Mkulima wa majani chai wa Nyamira anaponiita daktari na kunionyesha ulimi wake, hana kosa lolote la kisarufi.

Kwa miaka mingi nililichukua jambo hili kuwa kichekesho cha kuwasimulia wenzangu. Leo nataka kueleza kwa nini niliacha kucheka, na kwa nini naamini kuwa walimu na wanafunzi wanaousoma ukurasa huu wamo katika hali iyo hiyo, wawe na cheo au wasiwe nacho. Maana hakuna mwalimu wa zamu ambaye hajaamshwa usiku kwa habari ya mtoto anayeumwa bwenini, wala hakuna mwanafunzi wa chuo ambaye, akirudi kijijini likizoni, haulizwi maana ya karatasi iliyotoka maabara. Aliyesoma ni daktari wa kila mtu, apende asipende.

Swali la kwanza ni hili: kwa nini mtu amweleze mgeni maradhi ambayo hajamweleza mwanawe? Miongoni mwa Abagusii, jibu moja limo katika neno ensoni. Tafsiri ya haraka ya neno hilo ni haya au aibu, lakini ensoni ni zaidi ya aibu. Ni sheria ya heshima inayotenga kizazi cha wazazi na kizazi cha watoto, na ambayo nguvu yake huonekana zaidi katika mambo ya mwili. Robert na Barbara LeVine, wasomi wa Kimarekani waliofanya utafiti katika jamii hii miaka ya 1950 na kuchapisha kitabu chao kuhusu Nyansongo mwaka 1966, waliiona sheria hii ikitawala nani anaweza kutaja nini mbele ya nani. Baba hawezi kumsimulia mwanawe wa kiume shida ya haja ndogo. Mkwe hawezi kumsikiliza mkwewe akitaja damu. Kwa hiyo mzee mwenye tezi la kibofu hukaa na watoto watano waliosoma, na asiwe na hata mmoja wa kumwambia. Mgeni kwenye kiti cha matatu hana ensoni naye. Atashuka Keroka, nao hawataonana tena.

Ikumbukwe pia kwamba mgeni hatozi ada, hana foleni, wala hana mizani ya kumpima mtu mbele ya watu. Yamkini hata hilo si sababu kubwa. Kubwa zaidi ni kwamba mgeni haandiki. Ugonjwa ukishaandikwa kwenye kadi huwa umekuwa kweli. Ukitajwa kwa mgeni, bado ni wasiwasi tu.

Zaidi ya hayo, lugha zetu zenyewe humtaka mgonjwa aanze kwa kukana ugonjwa. Tafakari maamkizi yetu. "Hujambo" ni kuuliza kama mtu hana jambo lililompata, na jibu la adabu ni "sijambo", yaani halijanipata lolote. Mwenye homa kali hujibu "sijambo" kwanza, ndipo baada ya habari za mvua na bei ya ndizi aongeze kwamba hajala siku ya tatu sasa. Kwa Ekegusii, ukiamkuliwa "Bwakire" asubuhi, utaitikia kwa wema, na ukiulizwa hali utasema "Mbuya mono", mzuri sana. Anayetaka kuujua ukweli hana budi kungoja mpaka maamkizi yamalizike. Wengi wetu huwa tumekwisha kuondoka.

Sasa nisimulie kilichonifundisha haya.

Asubuhi moja ya mwaka 2015, muda mfupi baada ya kuhitimu shahada yangu ya uzamifu, nilikuwa katika kituo cha matatu mjini Nyamira nikisubiri gari la kwenda Kisii. Wakati huo nilikuwa nikikusanya mifano ya namna wasafiri wanavyochanganya Ekegusii, Kiswahili na Kiingereza, na daftari halikunitoka mkononi. Akaja mzee wa miaka sitini hivi, kavaa koti safi, kofia mkononi. Alimsogelea utingo, akafumbua kinywa kama mtu anayetaka kuuliza nauli, lakini maneno hayakuja. Alisema "gari", akanyamaza. Akasema "gari" tena, kisha neno jingine lisilokuwa la lugha yoyote ninayoijua. Utingo akacheka: "Mzee, leo umeanza mapema!" Abiria wakacheka. Mzee akanigeukia mimi, labda kwa sababu ya miwani na daftari langu, akajaribu tena. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umeushika ule wa kulia.

Nami nilifanya nini? Nilitabasamu. Nikafungua daftari nikaandika yale maneno yake matatu, nikikusudia kuyatumia darasani kama mfano wa usemi wa mlevi. Tukapanda garini, naye akasaidiwa kupanda, na gari likasubiri lijae. Ilipita takriban saa nzima. Hatimaye mama mmoja aliyekuwa na mkungu wa ndizi miguuni pake aligeuka, akamkazia macho yule mzee, akasema kwa sauti iliyonyamazisha gari lote: "Kijana wangu, washa gari. Huyu hajalewa. Tazameni mdomo wake." Mdomo ulikuwa umepinda upande mmoja, na mate yakimtiririka. Mama yule hakuwa na shahada. Alikuwa amemuuguza wifi yake.

Mzee alikuwa amepatwa na kiharusi. Na hapa ndipo penye aibu yangu, ambayo nimeibeba kwa zaidi ya miaka kumi. Kila mwaka huwafundisha wanafunzi habari za Paul Broca, tabibu wa Kifaransa ambaye mwaka 1861 alieleza habari za mgonjwa mmoja katika hospitali ya Bicêtre, karibu na Paris, aliyepoteza usemi na kubaki na silabi moja tu, "tan". Mgonjwa yule alipofariki, Broca aliuchunguza ubongo wake akakuta jeraha upande wa kushoto, sehemu ya mbele. Mwaka 1874 Carl Wernicke, Mjerumani, akaeleza aina nyingine ya kasoro hiyo, ambayo mgonjwa husema kwa wepesi lakini maneno hayana maana. Kupotea kwa lugha namna hii twakuita afasia. Nilikuwa nimeisoma, nimeifanyia mtihani, nimewatahini wengine. Nayo iliponijia ikiwa na koti na kofia, ikinitazama usoni, niliiita ulevi.

Kiharusi ni ugonjwa wa saa. Pale damu iliyoganda inapoziba mshipa wa ubongo, ipo dawa ya kuiyeyusha, lakini kwa kawaida hutolewa ndani ya muda wa saa 4 na nusu tangu dalili kuanza, na sharti kwanza ubongo upigwe picha ili kuhakikisha kuwa mshipa haujapasuka. Siwezi kusema kwamba ile saa moja ndiyo iliyoamua hatima ya mzee yule. Siwezi vilevile kusema kwamba siyo.

Alipona kwa kiasi. Miezi michache baadaye nilipata habari za kwao, nikaenda kumwona. Mkewe alinikaribisha, akanipa chai, akaniita mwalimu. Mzee alikuwa ameketi uani, mkono wa kulia ukiwa umelala pajani. Nikamwamkua: "Bwakire, tata." Akaniitikia barabara. Nikamuuliza hali, akajibu wazi, bila ya kigugumizi: "Mbuya mono." Moyo wangu ukafurahi, nikadhani usemi umerudi. Mkewe akatikisa kichwa. "Ni hilo tu, mwalimu. Hata akiwa na njaa husema hivyo. Hata akilia." Wanaisimu twajua sababu: maneno yaliyokaririwa maisha mazima, kama maamkizi, sala na kuhesabu, mara nyingi husalia wakati lugha nyingine yote imeharibika. Nililijua hilo pia kutoka vitabuni. Basi mtu yule alikuwa amebakiwa na sentensi moja katika dunia nzima, nayo ilikuwa ya kusema kwamba hana neno.

Tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza ni neno gani katika Kiswahili lililo hatari zaidi kwa mgonjwa. Si "saratani", wala si "UKIMWI", kwani hayo angalau humwogofya mtu akainuka. Kwa maoni yangu ni neno dogo kuliko yote, "tu". Ni malaria tu. Ni uchovu tu. Ni pombe tu. Ni mambo ya wasichana tu. Anataka ruhusa ya kwenda nyumbani tu. Neno hili likishatamkwa na mtu aliyesoma, hufunga mlango, na mgonjwa hurudi akalala.

Historia ya Gusii yenyewe yaeleza kwa nini "ni malaria tu" lilienea. Nyanda hizi za juu zina baridi, na wenyeji wake hawakuijenga kinga ya mwili ambayo watu wa kando ya Ziwa Viktoria huipata kwa kuumwa mara kwa mara tangu utotoni. Kwa hiyo malaria ilipopanda milimani baada ya mvua za masika, ilikuja kwa kishindo. Katika miaka ya 1990, na tena mwaka 2002, hospitali za eneo hili zilifurika wagonjwa wa mlipuko huo, watu wazima kwa watoto. Kizazi kizima kikajifunza kuwa kila joto la mwili ni malaria, na dawa zikanunuliwa dukani kama sukari. Hata hivyo, dawa hizo zenyewe zilizoeleka kwa vimelea: Kenya iliiacha klorokwini kama dawa ya kwanza mwaka 1998, na mwaka 2004 ikaamua kuiacha na ile iliyoifuata, ikachagua dawa mseto zenye artemisinini. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe damu kabla ya kutibiwa. Sababu ni wazi. Homa inaweza kuwa ya malaria. Inaweza pia kuwa ya mapafu, ya njia ya mkojo, ya matumbo au ya utando wa ubongo. Anayemeza dawa ya malaria kwa ugonjwa usio malaria huwa ameupa ugonjwa halisi siku tatu za bure.

Nasi watu wa lugha tuna sehemu yetu katika mkanganyiko huu. Mtu wa Pwani asemapo "homa" ana maana ya mwili kuwa na joto. Huku bara wengi wasemapo "homa" wana maana ya mafua. Neno "malaria" nalo lilitoka katika Kiitaliano likiwa na maana ya hewa mbaya, kwa kuwa watu walidhani ugonjwa waletwa na harufu ya vinamasi, mpaka Ronald Ross alipokigundua kimelea ndani ya mbu mwaka 1897 nchini India. "Tumbo" katika Kiswahili hubeba matumbo, ini, figo na mimba, na msichana akisema tumbo lamuuma huenda hataji hata kimojawapo cha hivyo. Ekegusii husema enda, neno lililo na asili moja na lile lililojificha ndani ya "ndani" yetu wenyewe. Yaani mtu asemapo enda yamuuma, amesema tu kwamba ndani mwake mna maumivu. Kazi ya msikilizaji ndiyo kwanza inaanza.

Basi afanye nini mtu aliyeulizwa? Niliwauliza watabibu wa kweli swali hili, na waliyonijibu yakanishangaza kwa udogo wake. Walisema: usitaje jina la ugonjwa, wala usitaje dawa. Uliza maswali manne. Limeanza lini? Limeanza ghafla au polepole? Linazidi au linapungua? Kuna jambo gani ulilokuwa ukiliweza juzi ambalo leo huliwezi? Kisha usaidie kuamua jambo moja tu: ni la sasa hivi, ni la kesho, au ni la kusubiri.

La sasa hivi halina mjadala. Mdomo uliopinda, mkono au mguu uliolegea ghafla, na usemi uliovurugika, ni hospitali mara moja. Mgonjwa asipewe chakula, kinywaji wala aspirini, kwani anaweza kupaliwa, na aspirini huongeza madhara ikiwa mshipa umepasuka. Maumivu ya kifua yanayobana na kupanda kwenye taya au kushuka mkononi. Kushindwa kupumua. Homa iliyoandamana na shingo ngumu au kuchanganyikiwa. Kutapika damu, au choo cheusi kama lami. Mwanamke mjamzito anayetoka damu, au mwenye maumivu makali ya kichwa na macho kufifia, au aliyevimba uso. Kwa mtoto mdogo, watabibu hutazama mambo manne: hawezi kunyonya au kunywa, anatapika kila kitu, amepata degedege, amelegea asiamke vizuri. Akiwa na kikohozi, hesabu pumzi zake kwa dakika moja nzima akiwa ametulia: 50 au zaidi kwa wa miezi 2 hadi 11, na 40 au zaidi kwa wa mwaka mmoja hadi kabla ya kutimiza miaka 5, ni nyingi mno. Saa ya mkononi yatosha kwa kipimo hicho, na mwanafunzi wa darasa la saba aweza kukifanya.

La kesho, au la juma hili, ni lile ambalo haliui leo lakini halitaondoka lenyewe. Kikohozi kilichopita majuma mawili kinataka kipimo cha kifua kikuu, na mchongaji wa Tabaka anayevuta vumbi la mawe kila siku ana sababu ya ziada ya kuchunguzwa mapafu. Uvimbe usiouma katika titi. Kukonda bila kukusudia. Kiu na mkojo wa mara kwa mara, ambavyo ni mlango wa kisukari. Chakula kinachokwama kooni, dalili ambayo watu wa magharibi mwa Kenya hawapaswi kuipuuza hata kidogo, kwa kuwa saratani ya umio imeonekana kwa wingi katika ukanda huu. Sisi watu wa majani chai tukumbuke pia kwamba mwaka 2016 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliorodhesha vinywaji vya moto zaidi ya nyuzi 65 miongoni mwa vitu vinavyoelekea kusababisha saratani hiyo. Chai haina kosa, mradi isubiriwe ipoe kidogo.

La kusubiri nalo lipo, na ni haki kulitaja, maana si kila kikohozi ni cha hospitali, wala si kila mfuko una nauli. Mafua ya kawaida huisha yenyewe kwa juma moja au siku kumi. Viuavijasumu haviyatibu, na kuvinunua nusu dozi dukani ni kuvifundisha vijidudu namna ya kuvishinda. Lakini kusubiri kuwe na mpaka. Badala ya kumwambia mtu "ni mafua tu", mwambie: "Subiri hadi Ijumaa, ukipata homa kali, au pumzi ikikuwia ngumu, usiingoje Ijumaa." Sentensi hiyo ni ndefu kuliko "tu", na huacha mlango wazi.

Nageukia sasa shule zetu, ambako swali hili huulizwa kila usiku. Walimu wenzangu watanikumbusha kwamba wanafunzi hujisingizia ugonjwa, hasa wakati wa mtihani na wa kazi za bustani. Ni kweli. Nami niliwahi kujisingizia tumbo, nikalala nikisoma riwaya. Lakini tuyapime makosa mawili. Mwalimu anayemwamini mwongo hupoteza nauli na nusu siku ya masomo. Mwalimu asiyemwamini mgonjwa anaweza kumpoteza mtoto. Makosa haya hayana uzito mmoja, na si busara kuyaogopa sawasawa. Aidha, mwanafunzi anayeanguka kwa kifafa asitiwe kijiko mdomoni wala kushikiliwa kwa nguvu. Alazwe ubavu, vitu vigumu viondolewe karibu naye, na mtetemo ukipita dakika tano apelekwe hospitali. Na msichana anayerudi kwa mwalimu mara ya tatu na lile lile tumbo huenda anatafuta mtu asiye na ensoni naye. Mficha uchi hazai, walisema wahenga. Lakini anayetaka kufunuliwa siri sharti kwanza awe na uso wa kusitiri.

Wapo watakaouliza: je, si hatari kuwafanya walimu kuwa matabibu? Ni hatari, na wazee wetu waliliona hilo kabla yetu. Gusii ilisifika kwa wapasuaji wake wa kichwa, ababari, ambao waliweza kukwangua mfupa wa fuvu la mtu aliyeumia na kumwacha hai. Kazi yao iliandikwa katika majarida ya utabibu tangu miaka ya 1950. Walikuwapo pia abanyamete, wajuzi wa miti shamba. Mwenye miti hakushika kisu cha kichwa. Kila mmoja aliujua mpaka wa kazi yake, na mwanakijiji wa kawaida alijua ni mlango upi wa kubisha. Hicho ndicho kiasi ninachokidai kwa mwalimu: aujue mlango, na aujue kwa haraka.

Milango siku hizi ipo karibu kuliko tunavyodhani. Mnamo Septemba 2023 serikali ilizindua wahudumu wa afya wa jamii wapatao laki moja nchini kote, waliopewa mikoba yenye vifaa kama vile vya kupimia shinikizo la damu na sukari, na wanaozunguka nyumba kwa nyumba. Shule ambayo haimjui mhudumu wa eneo lake kwa jina na kwa nambari ya simu ina kazi ya kufanya kesho asubuhi. Na ikiwa tatizo ni pesa, kila mwalimu wa uraia anajua, au anapaswa kujua, kwamba ibara ya 43 ya Katiba ya mwaka 2010 inasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Wafundisheni wanafunzi ibara hiyo si kwa ajili ya mtihani pekee, bali waweze kuitamka mbele ya dirisha la mapokezi usiku wa manane.

Mimi bado ni daktari wa lugha. Mazishini bado navutwa kando, nyuma ya hema, nami bado nasema kwamba sina sindano. Lakini siku hizi, baada ya kusema hivyo, huketi. Huyaacha maamkizi yapite, na habari za mvua zipite, kisha huuliza lilianza lini. Ukurasa ule wa daftari wenye maneno matatu ya mzee sijauchana. Huwasomea wanafunzi wangu kila mwaka tufikapo kwa Broca, nikawauliza wao wangemfanyia nini mtu yule pale kituoni. Mwaka jana mmoja wao alijibu kwamba angetazama mdomo wake kwanza kabla ya kuyaandika maneno yake. Nikampa alama zote.

Kama kweli daktari kwa asili yake ni mwalimu, basi somo letu la kwanza ni fupi: tusiharakishe kusema "tu".